AYALA MWENYE MADOADOA: NYAMA WA BIBLIA ALIYEKARIBIA KUPOTEA



Juma lililopita, nyuma ya ibada ya asubuhi, Bwana Mchungaji alikuwa ametusomea Zaburi ya 42, ile ya ayala mwenye kiu ya maji. Tulipotoka, nilikuta wadogo wawili wa makalasi ya chini wanabishana karibu ya bomba. Mmoja alisema: «Ayala njo mbawala, ile nyama ya madoa ya kwetu.» Mwingine akasema: «Hapana, ayala njo paa, ile ya jina ya Dorcas.» Waliponiona wakanishika mkono: «Yaya Doyen, utukatie hii maneno.»

Nikajibu kwa sauti ya ukubwa kwamba nitawapa jibu kesho. Lakini ukweli ni huu: mimi mwenyewe sikujua. Ile zaburi nimeiimba tangu shule ya Jumapili, na hata siku moja sikujiuliza nyama yule ni wa namna gani. Basi nikaenda kwa Bwana Mwalimu wa biolojia, akanipa vitabu, akaniambia: «Ukimaliza kusoma, uandike, wengine wapate nao.» Kwa hiyo naandika. Na nilichokuta ndani kimepita lile swali la wadogo.

1. AYALA SI MBAWALA, WALA SI PAA

Tuanze na pembe, kwa sababu njo pembe zinazotenga jamaa hizi mbili.

Mbawala, paa, kongoni na pofu ni wa jamaa moja na mbuzi na ng'ombe. Pembe yao ina mfupa ndani, na nje imevikwa kitu kigumu kama kucha zetu. Pembe hiyo haianguki. Nyama anazaliwa, pembe inaota, anakufa nayo.

Ayala si vile. Pembe yake ni mfupa mtupu, tena ina matawi kama mti. Kila mwaka inaanguka chini, na nyingine inaota pahali pake. Inapoota, imefunikwa na ngozi laini yenye manyoya mafupi, na damu inapita ndani ya ngozi ile kuilisha. Ikikomaa, ngozi inakauka, na dume anaisugua kwenye miti mpaka itoke. Na katika ayala karibu wote, ni dume peke yake mwenye pembe.

Sasa sikieni jambo ambalo lilinishangaza: katika Afrika yetu, kusini ya Sahara, hakuna ayala wa asili hata mmoja. Afrika nzima iko na aina moja tu, kule kaskazini kabisa, katika misitu ya Algeria na Tunisia. Sisi wa Kongo tuna mbawala mwenye madoa meupe na mistari, tuna bongo mwenye mistari, tena kuna nyama mdogo wa kandokando ya mito ya msituni, mwenye madoa na mistari meupe lakini bila pembe yoyote. Watu wanawachanganya na ayala juu ya ngozi yao. Lakini madoa si udugu. Hata chui ana madoa.

Na Dorcas? Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 9, kinatuelezea kwamba jina la Tabitha, kwa Kigiriki Dorkasi, maana yake ni paa. Basi dada zetu wote wanaoitwa Dorcas katika shule hii ni paa, si ayala. Wasikasirike, paa naye ni mzuri.

2. AYALA GANI WA NCHI YA BIBLIA?

Zamani katika nchi ya Kanaani kulikuwa na ayala wa namna tatu: ayala mwekundu mkubwa, ayala mdogo asiye na madoa, na huyu wa katikati mwenye madoadoa, ambaye nataka kuwaelezea. Wenye elimu wanamwita Dama mesopotamica. Mesopotamia maana yake ni nchi katikati ya mito, ndiyo Hidekeli na Frati tunayoisoma katika Mwanzo. Alienea Iran, Iraki, Siria, Lebanoni, mpaka milima ya Galilaya na Karmeli.

Kwa urefu anafika karibu metre moja kwenye mabega, na dume mkubwa anaweza kufika kilo mia moja na zaidi. Wakati wa joto manyoya yake ni mekundu-kahawia, na juu yake madoa meupe mengi. Yale ya karibu ya uti wa mgongo yanajipanga mpaka yanakaribia kuwa mstari mmoja. Wakati wa baridi rangi inafifia na madoa yanapungua kuonekana.

Madoa haya ni ya kazi gani? Ingieni msituni saa sita ya mchana, mtazame chini. Jua linapita katikati ya majani na kuangusha vipande vidogo vya mwangaza. Nyama mwenye madoa akilala pale bila kutikisika, macho ya chui au ya mbwa mwitu yanaona majani na jua, hayaoni nyama. Ayala wa aina nyingi wana madoa wakiwa wachanga tu, halafu wanayapoteza. Huyu wetu anabaki nayo hata katika uzima, sawa na chital wa India.

Mama anachukua mimba karibu miezi minane, naye kwa kawaida anazaa mtoto mmoja tu. Siku za kwanza mtoto hamfuati mama. Anafichwa katika majani, analala kimya kabisa, na mama anarudi kumnyonyesha. Mkumbuke hesabu hii: mtoto mmoja kwa mwaka. Itatusaidia mbele.

Chakula chake ni majani ya chini, majani ya miti na matunda ya mwaloni. Anacheua, na ukwato wake umepasuka mbili. Mwenye kujua Kumbukumbu la Torati 14 amekwisha kuelewa: nyama huyu ni safi, Waisraeli walikuwa na ruhusa ya kumla.

Na ile kiu ya Zaburi? Kusini-magharibi ya Iran, katika jimbo la Khuzestan, joto la kiangazi linapita digri 45. Inchi ni kavu, lakini kandokando ya mito kuna vichaka vizito na miti. Ayala huyu alikaa mule, karibu ya maji na kivuli. Ukimfukuza mtoni, umemfukuza uzimani. Mwenye kutunga ile zaburi hakupamba maneno tu. Alijua nchi yake.

3. JINA LAKE KATIKA KITABU NA KATIKA KANISA

Neno letu «ayala» limetoka katika Kiarabu, na Kiarabu na Kiebrania ni ndugu: Waebrania nao wanasema «ayal». Mnakumbuka Yoshua alipoamuru mwezi usimame katika bonde la Aiyaloni? Jina la bonde lile limetoka katika neno lilo hilo: ni pahali pa ayala. Mwanzo 49 inamfananisha Naftali na ayala jike aliyefunguliwa. Isaya 35 inasema kiwete ataruka kama ayala, na Habakuki anamaliza kitabu chake kwa miguu ya ayala juu ya mahali pa juu. Watu wa namna hii walimwona kila siku. Hawakusoma habari zake katika vitabu kama mimi.

Kuna jina lingine la Kiebrania, «yahmur». Liko katika orodha ya nyama safi ya Kumbukumbu la Torati 14, na tena katika 1 Wafalme 4, pahali panapohesabiwa nyama za meza ya Mfalme Sulemani kwa siku moja. Wenye elimu hawapatani wote juu ya nyama huyo. Wengi wanafikiri ni huyu mwenye madoadoa, na katika Kiebrania cha leo jina lake ni lile. Wafasiri wa Kiingereza wa mwaka 1611 waliandika jina la ndugu yake wa Ulaya, kwa sababu walimjua katika mashamba ya wafalme wao. Wafasiri wa Kiswahili nao walitafuta majina ya nyama ambao watu wa huku wanawajua. Hawakukosea. Ni kazi ya mfasiri kumpa mtu kitu anachokiona. Lakini njo maana sisi tunaona mbawala wakati Daudi aliona nyama mwingine.

Mataifa mengine nayo walimjua. Kwenye kuta za jumba la Ashurbanipali, mfalme wa Ashuru, kule Ninawi, mafundi walichonga ayala wakifukuzwa mpaka ndani ya nyavu. Mawe yale yako London mpaka leo. Na zamani zaidi, karibu miaka 10,000 iliyopita, watu walipakia ayala hawa ndani ya mashua na kuwavusha bahari mpaka kisiwa cha Kipro, kisiwa kile cha Barnaba. Fikirini: kumfunga ayala mzima, kumtuliza ndani ya mashua ndogo, na bahari inatikisika! Walimpenda kabisa, au walipenda sana nyama yake.

Kanisa la kwanza lilichukua ile picha ya kiu na kuitia katika ubatizo. Kule Ravenna, katika Italia, ndani ya jengo dogo la karne ya 5, kuna picha ya vijiwe vya rangi inayoonyesha ayala wakienda kunywa maji. Na Augustino, askofu wa Hipo, Mwafrika wa kaskazini, alifundisha juu ya zaburi hii. Alieleza masimulizi ya watu wa zamani kwamba ayala anaua nyoka, kisha kiu kali inamshika, anakimbilia chemchemi. Biolojia haikubali habari ile ya nyoka. Mahubiri yanaikubali: ua uovu wako, utasikia kiu ya Mungu. Tena Hipo iko Algeria, nchi ile ya ayala wa Afrika niliyoitaja juu.

4. NAMNA ALIVYOPOTEA

Sasa tufike kwenye maneno mazito.

Nyama huyu alikuwa na jina katika Torati, katika Zaburi, katika manabii. Mataifa matatu yanayoshika dini tatu za Mungu mmoja yalikaa naye. Wayahudi walimsoma, Wakristo walimwimba, Waislamu walimjua kwa Kiarabu. Na bado, mwanzoni mwa karne ya 20, katika Galilaya hapakuwa hata mmoja tena. Siria na Iraki nako wakaisha. Watu wa elimu wakaandika kwamba amekwisha kabisa duniani.

Sababu zake si za ajabu. Ya kwanza, miti ilikatwa: kuni, makaa, mashamba kandokando ya mito. Ya pili, mbuzi na kondoo walimaliza majani. Ya tatu, bunduki. Kwa upinde, mwindaji anampata mmoja na kumi wanakimbia. Kwa bunduki hesabu inageuka. Na mnakumbuka, mama anazaa mtoto mmoja tu kwa mwaka. Mkiua wawili pahali panapozaliwa mmoja, hata mwanafunzi wa kalasi ya kwanza anaweza kumaliza hesabu hiyo.

Hakuna mtu aliyekusudia kumaliza ayala. Kila mtu alichukua wake mmoja.

5. NAMNA ALIVYOPATIKANA TENA

Mwaka 1956, wakati vitabu vilikuwa vimekwisha kumzika, walionekana wachache sana wakiwa wazima, katika vichaka vya mito Dez na Karkheh, kule Khuzestan. Miaka iliyofuata, wengine walikamatwa na kupelekwa Ujerumani, katika bustani ya nyama ya Kronberg, wazae kule. Na katika miaka ya 1960 serikali ya Iran ilihamisha wengine mpaka Dasht-e Naz, kaskazini, karibu ya bahari ya Kaspi, ndani ya uzio.

Ilikuwa akili nzuri, kwa sababu kutoka 1980 mpaka 1988 Iran na Iraki walipigana, na Khuzestan ilikuwa uwanja wa vita. Kama wote wangebaki pale mtoni, pengine leo ningewaandikia habari za mifupa.

Lakini habari inayonigusa zaidi ni ya mwisho wa mwaka 1978. Israeli walitaka kurudisha nyama wa Biblia katika nchi yao. Walikuwa na wachache kutoka Kronberg, wakahitaji wengine. Wakati ule mapinduzi yalikuwa yanawaka Tehran, watu barabarani, na Shah mwenyewe alitoka katika nchi mwezi wa Januari 1979. Katikati ya fujo ile, majike wanne walipakiwa ndani ya ndege na kufikishwa Israeli. Wanne tu! Nyuma ya pale mlango ulifungwa kati ya nchi zile mbili, na mpaka leo haujafunguliwa. Wale wanne na wenzao wa Kronberg wakazaa ndani ya uzio juu ya mlima Karmeli, mlima wa Eliya. Kutoka 1996 wakaanza kufunguliwa kidogo kidogo katika mabonde ya Galilaya, baadaye karibu ya Yerusalema.

Kuna jambo moja hapa ambalo sisi wa mwaka wa sita tulisikie vizuri. Wale waliotoka katika bustani ya nyama ya Yerusalema walikuwa wamezoea watu wanaopita kila siku. Walikosa woga. Walipofunguliwa porini, walikufa wengi kuliko wale waliolelewa mbali na watu kule Karmeli. Chakula walikuwa nacho na nguvu walikuwa nazo, lakini hawakujua nani ni adui. Uzio unamlinda nyama, tena unamsahaulisha. Mwezi wa saba na sisi tutatoka katika uzio wa internat. Sisemi zaidi.

Leo bado anahesabiwa kati ya nyama walio katika hatari. Tena, kwa kuwa wote ni wazao wa wale wachache, damu yao ni moja mno, na ugonjwa mmoja unaweza kuwapiga wote. Jamaa iliyopungua mpaka wachache hairudi sawa na zamani, hata ikizaa tena.

6. NA SISI?

Ninawaambia kitu ambacho sikutaka kuandika, lakini nikiacha, haya yote yatakuwa masomo tu.

Likizo kubwa iliyopita, mimi na binamu zangu tulitega mitego ya waya wa freni ya kinga, nyuma ya mashamba ya kwetu. Siku ya tatu waya ulishika mbawala jike. Tulifurahi sana. Tulipompasua, tulikuta mtoto ndani, amekwisha kuota manyoya, na madoa yake yanaonekana wazi. Babu akatazama, hakutugombeza. Akasema tu: «Zamani waya haikukuwa. Kamba ya miti ilikuwa inaoza, na nyama inapumzika.» Tukala. Na mimi nilikula.

Kumbukumbu la Torati 14 inaruhusu kula nyama huyo. Lakini katika kitabu kilo hicho, sura ya 22, kuna sheria nyingine ambayo hatuihubiri sana: ukikuta kiota cha ndege, na mama amelalia watoto au mayai, usimchukue mama pamoja na watoto. Umwache mama aende. Mungu aliyetoa ruhusa ya kula aliweka na mpaka. Waya wa freni haujui mpaka. Unashika dume na jike, mwenye mimba na mchanga, usiku na mchana, hata mwenye kuutega akiwa amesahau pahali alipoutega.

Msidhani kwamba haya ni ya nchi za mbali. Okapi, ambaye wenye elimu wa Ulaya walimwandika mara ya kwanza mwaka 1901, haishi porini katika nchi nyingine yoyote isipokuwa Kongo. Tarehe 24 Juni 2012 watu wenye silaha walishambulia kituo cha Epulu, katika Ituri. Waliua watu, na okapi 14 waliokuwa wanatunzwa pale wakauawa. Sura yake tunaiona kwenye feranga zetu. Iko vizuri. Lakini ayala alikuwa na pahali pazuri zaidi, katika Neno la Mungu lenyewe, na haikumsaidia kitu siku ile miti ya mtoni ilipokatwa. Jina katika kitabu halimlindi nyama porini. Watu wanaosoma kitabu njo wanaweza kumlinda, na katika hii habari walichelewa mpaka wakabaki wanatafuta majike wanne ndani ya ndege.

Basi nimeleta mashauri mawili kwa Bwana Préfet na kwa kamati ya wanafunzi. La kwanza: jamaa yetu ya biolojia ianze daftari la nyama. Kila mwanafunzi akirudi kutoka likizo aandike nyama gani wanaonekana bado kwao, na nyama gani wazee wanawataja ambao hawaonekani tena. La pili: sisi wenyewe, wa mwaka wa sita kwanza, tuache mitego ya waya. Mimi nimekwisha kukata yangu, na binamu zangu wamenicheka. Wacha wacheke.

Na ninyi wadogo wawili wa pale bombani, jibu lenu ni hili: ayala si mbawala, wala si paa. Nyote wawili mmekosa, na Doyen alikosa pamoja nanyi. Lakini mlifanya vizuri kuuliza. Siku mtakapokuwa na watoto, nao watauliza mbawala ni nyama gani. Ningependa mwonyeshe kwa kidole porini, si katika kitabu tu.

Mwenye swali aliandike, alitie katika sanduku la gazeti mbele ya Ijumaa.

Doyen wa wanafunzi, mwaka wa sita Bio-Kimia.